Kijibwa nacho huhisi baridi

Kiswahili kina namna yake ya kudunisha vitu. Mto hugeuka kijito, mti ukawa kijiti, naye mbwa akawa kijibwa. Hata hivyo, kijito hakimchukizi mtu, ilhali kijibwa ni tusi. Ndilo neno ambalo wanasiasa wetu wamelitumia kwa miongo mingi kumkebehi mpinzani kuwa ni kijibwa cha mabeberu. Nachelea kwamba dharau iliyomo katika neno hili imemwangukia mnyama mwenyewe.

Mbwa wadogo kama Chihuahua, ambaye aghalabu hazidi kilo 3, sasa hufugwa katika baadhi ya nyumba za Bungoma na Kitale. Wapo wasemao kwamba baridi yetu si ya theluji, na kwamba mbwa koko hulala nje miaka nenda miaka rudi. Hoja hiyo haina mashiko. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, hutuletea usiku wa baridi.

Walimu wa hisabati wanaweza kulithibitisha jambo hili darasani. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una eneo la 6 kwa ujazo wa 1. Ule wa sentimita 10 una eneo la 600 kwa ujazo wa 1,000. Kwa hivyo, kadiri kitu kilivyo kidogo ndivyo kinavyopoteza joto upesi. Ndiyo maana chai ya kikombeni hupoa kabla ya ile ya sufuriani. Isitoshe, kitoto cha mbwa wa aina hii kikikosa chakula kwa saa kadhaa, sukari hupungua mwilini mwake, kikalegea na hata kuzirai.

Tiba ya kwanza haina gharama. Mbwa huyu alale ndani, juu ya gunia kavu au blanketi kuukuu, wala si juu ya saruji tupu. Akinyeshewa, akaushwe mara moja. Akitetemeka, apashwe joto. Na iwapo mtetemeko utakoma ilhali mwili ungali baridi, hiyo si nafuu bali ni hatari, na daktari wa mifugo aitwe. Jambo moja lisifanywe kamwe: kumwashia jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, nayo humwua mbwa pamoja na mwenye nyumba.

Najua nitaulizwa: iweje tuwajali mbwa na kuna watoto wasio na blanketi? Swali hilo ni zito, lakini gunia la mbwa halimpokonyi mtoto yeyote blanketi. Aliyemtwaa mnyama kwa hiari yake ametwaa pia wajibu. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza kumtesa mnyama bila sababu, wala haibagui mkubwa na mdogo.

Basi walimu na wanafunzi wenzangu, tuendelee kukitumia kiambishi cha udogo tupendavyo katika sarufi. Uhai hauna udogo.