Jetty: foleni ya handla si ukuta

Wengi wanaotumia Jetty ndani ya programu zao hupanga handla kama viatu mlangoni. Yoyote itangulie, mradi ukurasa unafunguka. Mimi napinga.

Kwa wasioijua: Jetty ni seva ya wavuti ya Java aliyoianzisha Greg Wilkins mwaka 1995, na tangu 2009 iko chini ya Eclipse. Utamu wake ni kwamba huisakinishi pembeni. Unaiweka ndani ya programu yako, unaunda Server, unaipa mlango kama 8080, basi. Kila ombi likifika linakabidhiwa handla.

Handla moja haitoshi. Utataka ya mafaili, ya kukagua neno la siri, na ya kazi yenyewe. Zamani kulikuwa na HandlerCollection, inayoziita zote kwa zamu hata kama jibu limeshatolewa, na HandlerList, inayosimama pale handla mojawapo inaposema setHandled(true). Ukisahau mstari huo, ombi linaendelea mbele, na mteja anaweza kuona 404 ilhali malipo yake yameshaandikwa kwenye database. Atafanya nini? Atabofya tena!

Jetty 12 ya mwaka 2023 ilirekebisha hapo. Sasa handle() inarudisha true au false: nimelichukua, au mpe mwingine. HandlerList imekuwa Handler.Sequence. Usiporudisha kitu, kompaila inakataa, nami napenda kugombezwa na kompaila kuliko na mteja. (Ukirudisha true bila kuikamilisha callback, kivinjari kitabaki kinazunguka tu. Hilo kompaila haikuambii.)

Lakini ugomvi wangu hasa ni ukaguzi wa neno la siri. Wengi huuweka ndani ya Sequence kama ndugu wa wengine, tena nyuma ya ResourceHandler, eti mafaili yatoke haraka. Niliwahi kuonyeshwa mfumo wa ofisi moja hapa nchini uliopangwa hivyo, na folda ya ResourceHandler ndiyo iliyokuwa na PDF za wateja. Handla inaliona faili, inalitoa, inarudisha true. Ukaguzi hauulizwi kamwe. Aliyejua jina la faili alilichukua, na kwenye logi ni 200 safi, hakuna kosa lolote.

Utasema, geuza mpangilio. Sawa, leo utapona. Kesho mwenzako ataongeza handla mpya juu ya orodha na shimo litarudi. Foleni huchomekewa, jamani, tunazijua foleni zetu.

Ukaguzi uwe Handler.Wrapper. Hiyo inaifunika handla ya ndani, na ombi haliifikii ya ndani bila kupita kwake. GzipHandler imejengwa hivyo hivyo. Wapo wanaolalamika kwamba kufunikana huku kunasomeka vibaya, lakini ni mistari miwili tu:

ukaguzi.setHandler(kazi);
server.setHandler(ukaguzi);

Nembo na ukurasa wa kuingilia, ambavyo kila mtu lazima avione, vipe ContextHandler yake nje ya ukaguzi, yenye njia yake, tuseme /umma, na folda yake. Na ikiwa sasa hivi nembo na PDF za wateja zinalala folda moja, zitenganishe leo, kabla hujagusa Java.