Lenzi za Rangi: Pambo Lisije Likaondoa Nuru ya Macho

Miongoni mwa mapambo yanayowavutia vijana wetu siku za harusi na sherehe ni lenzi za rangi zinazobandikwa juu ya mboni ya jicho. Mwenye macho meusi huonekana ana macho ya kijani, ya buluu au ya kijivu. Hatusemi kwamba kujipamba ni haramu. Tunachosema ni kwamba lenzi si wanja. Ni kifaa tiba, na anayeivaa bila kupimwa anaichezea amana aliyokabidhiwa na Mola wake.

Kwanza tufahamu umbile la jicho. Konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni, haina mishipa ya damu. Hewa yake huipata kutoka nje, kupitia machozi. Lenzi ikiifunika, hewa hiyo hupungua. Na ikiwa lenzi hailingani na mpindo wa jicho, huikwaruza konea, na hapo ndipo vijidudu hupata mlango. Kidonda cha konea chaweza kuacha kovu jeupe na kumpofusha mtu.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2005 Marekani ilipitisha sheria kwamba lenzi zote, hata za urembo mtupu, ni vifaa tiba, zisiuzwe bila cheti cha mtaalamu wa macho. Mwaka 2006 kampuni ya Bausch & Lomb iliondoa katika masoko ya dunia dawa yake mojawapo ya kusafishia lenzi, baada ya kuhusishwa na maambukizi ya fangasi machoni. Ikiwa wenzetu wenye wataalamu wengi wamechukua hadhari hiyo, seuze sisi tunaoishi katika vumbi la machimbo ya Geita na Kahama?

Jambo la pili ni maji, nalo latuhusu Waislamu zaidi. Wanachuoni wengi wamesema kuosha ndani ya jicho si wajibu katika udhu. Kwa hiyo lenzi haibatilishi udhu. Lakini maji yana amiba wanaoweza kujificha chini ya lenzi na kuila konea kwa maumivu makali. Hata maji ya bomba yatokayo Ziwa Victoria, yaliyo safi kwa kunywa, hayafai kugusa lenzi. Basi mwenye kuvaa atie udhu kabla, na akihitaji udhu mwingine afumbe macho barabara au azivue. Katika josho azivue kabisa.

Aidha, anayeazimia kuvaa aanze kwa mtaalamu wa macho. Anawe mikono kwa sabuni na kuikausha. Lenzi zihifadhiwe katika dawa yake, mpya kila mara, si katika maji wala mate. Asilale nazo, asiingie nazo machimboni, wala asimwazime dada yake au shoga yake hata kwa saa moja.

Jicho likiwa jekundu, likauma au likachukia mwanga, lenzi ivuliwe papo hapo na mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Asitiwe majani wala unga wa mganga. Utafiti wa hapa Tanzania uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta takriban robo ya wagonjwa wa vidonda vya konea walikuwa wametumia dawa za kienyeji machoni. Na sisi wa Usukumani tunajua ujinga juu ya jicho jekundu umetufikisha wapi: bibi zetu waliowiva macho kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe na miti ya pamba wameitwa wachawi, na wengine wameuawa kwa mapanga. Wekundu wa jicho hutokana na maradhi au moshi, na maradhi hupelekwa kwa tabibu.

Enyi wazazi, kabla ya kutoa fedha ya pambo la binti yenu, ulizeni kama macho yake yamepimwa. Nanyi wafanyabiashara, mali mnayoiuza bila kuijua ikimpofusha mteja, mtakuwa na jawabu gani mbele ya Allah? Maimamu nao walitaje jambo hili kabla ya msimu wa harusi. Sherehe ni ya siku moja, na macho ndiyo tunayosomea Qur'ani umri mzima.

Wallahu a'lam.