Wawindaji California wanafanya mazoezi na timu nyingine

KOCHA anakaa na wachezaji wake 11 msimu mzima. Anawafundisha kona, anawapigisha penalti, anajua nani akichoka dakika ya 70. Halafu asubuhi ya mechi ya watani anawaacha wote hotelini, anaingiza 11 wengine ambao hajawahi kuwaona wakipiga hata danadana. Akifungwa, anatoka mbele ya waandishi na kusema mpira ulikuwa mbovu.

Shabiki gani angemwelewa? Angefukuzwa kabla basi la timu halijatoka uwanjani.

Ndicho wanachofanya baadhi ya wawindaji wa jimbo la California, Marekani. Na wao, kama kocha huyo, lawama wanaitupia kwa mpira.

Kwa wasiofuatilia mambo haya, kulenga shabaha si jambo geni kwenye kurasa za michezo. Ulikuwepo tangu Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens mwaka 1896. Uwindaji ni ndugu yake wa porini, tofauti ni kwamba huko shabaha ina roho.

Kwa Kiswahili neno risasi limebeba mizigo miwili. Ni kile kinachotoka kwenye bunduki, na ni yale madini laini na mazito yaliyotumika kukitengeneza kwa karne nyingi. Ugomvi wote wa California ni wa kutenganisha mizigo hiyo. Serikali ya jimbo inataka risasi isiyo na risasi.

Sababu yake ni ndege anayeitwa kondori, tai mla mizoga ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yanakaribia mita 3. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu duniani. Mwaka 1987 wa mwisho waliokuwa porini walikamatwa wote wakalelewe kwenye vizimba, na kuanzia 1992 wakaanza kurudishwa. Leo wamepita 500, lakini kinachoongoza kuwaua porini ni sumu ya madini ya risasi.

Inakuwaje? Kichwa cha risasi cha madini hayo kikimpiga kulungu kinavunjika vipande vidogo vidogo, vingine kama chembe za chumvi. Mwindaji anachukua nyama, matumbo anayaacha. Kondori anashuka, anakula, anakufa. Na si ndege peke yake anayehusika. Mwaka 2008 huko North Dakota nyama ya kulungu iliyotolewa msaada kwa watu wenye shida ilipopigwa picha za eksirei, vipande vilionekana mle ndani.

California ikaanza na maeneo ya kondori mwaka 2008, na tangu Julai 1, 2019 ni marufuku kuwinda mnyama yeyote jimboni humo kwa risasi za madini hayo. Denmark nayo ilifunga mlango Aprili 1, 2024. Wawindaji wamehamia kwenye shaba.

Sasa hapa ndipo kwenye tatizo. Sheria ya California inahusu uwindaji. Kwenye viwanja vya shabaha risasi za zamani bado ni ruksa, tena ni za bei nafuu. Basi mtu anafyatua za zamani mwaka mzima, anazoea, anaseti darubini yake vizuri. Msimu ukifunguliwa anaingiza za shaba, anapanda mlimani. Kulungu anapigwa tumboni, anakimbilia bondeni na jeraha, anafia huko kwa siku mbili. Jioni kambini wimbo ni mmoja: shaba haifai.

Kwani alimpa nafasi ya kuonyesha uwezo?

Ukweli usemwe, shaba si risasi ya zamani iliyopakwa rangi. Ni mchezaji mwingine kabisa. Madini ya risasi yana uzito wa gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo, shaba ina 8.9. Maana yake kichwa cha shaba chenye uzito uleule lazima kiwe kirefu zaidi. Kikiwa kirefu kinataka mtutu wenye mifereji inayokizungusha kwa kasi ya kutosha, la sivyo kinayumba hewani kama frikiki iliyopigwa vibaya. Bunduki mbili za aina moja, kutoka kiwanda kimoja, zinaweza kuipenda na kuikataa risasi ileile.

Kwa wale wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani, yaani wanaonunua ganda, kiwashio, baruti na kichwa kisha wanaunganisha kwa mashine ya mezani, hatari ni kubwa zaidi. Kichwa kirefu kinakula nafasi ya baruti ndani ya ganda. Ukichukua kipimo cha baruti ulichozoea ukakihamishia kwenye shaba, presha inaweza kupanda mpaka bunduki ikuumize wewe kabla ya kulungu.

Ndiyo maana fundi makini anaanza na kipimo cha chini kilichoandikwa kwenye kitabu cha shaba hiyohiyo, anapanda kidogokidogo. Kila hatua anaangalia komeo la bunduki: likianza kuwa gumu kufunguka, anarudi nyuma. Anapiga risasi tatu tatu au tano tano kwenye karatasi mita 100. Matundu yakikaa ndani ya sentimita 3, hapo ana mchezaji. Yakitawanyika, anabadili kina cha kichwa ndani ya ganda, au anatafuta kichwa chepesi zaidi, kwa sababu kikiwa chepesi ni kifupi.

Na hapo bado hajamaliza. Shaba inaua kwa kuchanua mbele kama ua, na ili ichanue inahitaji kasi. Vichwa vingi vinataka visishuke sana chini ya mita 600 kwa sekunde vinapomfikia mnyama. Mwenye kipima kasi anajua bunduki yake inaishiwa pumzi umbali gani. Asiyenacho anabahatisha, na gharama ya kubahatisha analipa mnyama.

Wanaolalamika wana hoja pia, wasipuuzwe. Shaba ni ghali. Kwa bunduki ndogo za inchi 0.22 za kuwindia sungura, risasi zisizo na madini hayo zimekuwa shida kupatikana na shida kulenga. Hilo serikali inapaswa kulisikia. Lakini ughali wa shaba ni sababu ya kupiga ishirini za majaribio kwa akili, si sababu ya kutopiga hata moja. Mwindaji anatumia risasi moja au mbili kwa kulungu mmoja. Pesa yake inaliwa na mafuta ya gari na leseni kuliko shaba.

Dawa ipo, na haihitaji kubuniwa. Norway kila mwindaji wa wanyama wakubwa lazima afaulu mtihani wa shabaha kila mwaka: risasi 5, mita 100, zote ndani ya duara la sentimita 30. Ukikosa, huendi porini. California mwindaji anasoma kozi mara moja, anapata cheti, basi. Wachukue mtihani wa Norway, waongeze sharti moja tu: upige kwa risasi ileile utakayowindia.

Sharti hilo lingemaliza ubishi wote. Ambaye bunduki yake imeikataa shaba angejua mapema, Agosti, mbele ya karatasi, abadili kichwa au kipimo. Sheria iliyopo imemlinda kondori asile sumu, na imefanya vizuri. Kulungu bado hajalindwa dhidi ya mtu anayefanya majaribio juu ya mwili wake.

Wachezaji wapya hawana kosa. Wapelekwe mazoezini kwanza, ndipo wahukumiwe.