Soma namba za diski kabla ya kulipa



Wengi wetu tuna mtoto, mdogo au mume anayeshinda kwenye ateliye ya kuchomelea vyuma, akitengeneza milango, madirisha na vitanda. Siku hizi hata mabinti zetu wanajifunza kazi hiyo, nasi tunafurahi. Mara nyingi patro anamwambia mwanafunzi aje na diski yake mwenyewe, na franka zinatoka kwa mama. Basi juma hili tuzungumze juu ya diski za meleze, ile mashine ya mkono inayokata chuma na kurusha cheche. Anayelipa ana haki ya kujua ananunua nini.

Kwenye diski tutafute mambo matatu.

Kwanza, upana. Mashine ndogo inachukua diski ya milimita 115 au 125. Mashine kubwa inachukua ya 230.

Pili, mwendo. Umeandikwa kwa «tours/min» au «RPM». Mashine ndogo nyingi zinazunguka karibu mara 11.000 kwa dakika. Diski ya 125 inaruhusiwa kufika karibu 12.200, lakini ya 230 mwisho wake ni karibu 6.600 tu. Sheria ni hii: namba ya diski isiwe chini ya namba ya mashine.

Tatu, tarehe. Kwenye pete ya chuma katikati ya diski kuna mwezi na mwaka wa mwisho wa kuitumia. Gundi inayoshika diski inazeeka, na unyevu unaiharibu. Diski iliyopita tarehe, iliyolowa au yenye ufa tusiinunue, hata kwa bei ya chini.

Sasa tufike kwenye hatari kubwa. Diski ya 230 ikilika, wengine hawaitupi. Wanang'oa kifuniko cha kinga kwenye mashine ndogo, kisha wanaifunga humo, kwa kuwa tundu la katikati ni lilelile. Wanasema ni kubana matumizi. Tupige hesabu kama darasani, kwa diski ya 230 ikiwa bado nzima. Mzunguko wake ni karibu sentimita 72. Mara 11.000 kwa dakika, ukingo wake unapita metre 130 kwa sekunde. Lakini ilitengenezwa kwa metre 80, ambazo tayari ni kilomita 288 kwa saa. Iliyolika kidogo bado inapita kipimo chake. Ikipasuka, vipande vinaruka usoni, shingoni au tumboni, na kifuniko ambacho kingevizuia kimewekwa pembeni. Bei ya diski moja ndogo hailingani na jicho la mtoto.

Tuangalie pia kazi yenyewe. Herufi A ni ya chuma, herufi C ni ya mawe na matofali. Diski nyembamba ya milimita 1 hadi 3 ni ya kukata tu, tena kwa ukingo wake. Wakiisukuma kwa ubavu ili kulainisha chuma, inavunjika. Kulainisha kuna diski yake nene, karibu milimita 6.

Tukipita ateliye, tuulize haya bila aibu:

– Je, kifuniko cha kinga kipo?
– Je, mtoto anachomoa waya wa umeme kabla ya kubadili diski? Umeme ukikatika, je, anazima mashine? Asipozima, umeme ukirudi mashine itaamka yenyewe.
– Je, diski mpya inazungushwa kwanza kando, karibu dakika moja, bila mtu mbele yake?
– Je, ana miwani ya kazi inayofunika pembeni? Miwani ya jua haitoshi.
– Je, nguo, kitambaa au nywele zinaning'inia? Mashine inavivuta.

Watoto wadogo wanaopenda kutazama cheche tuwaondoe, na petroli isiwe karibu.

Kipande cha chuma kikiingia jichoni, tusisugue, tusichokoe kwa kijiti wala kona ya kitenge, tusitie maziwa ya mama. Tufunike jicho polepole bila kulikandamiza, tumpeleke hospitali siku hiyohiyo. Chuma kinaweza kushika kutu ndani ya jicho, hata kama maumivu yamepungua.

Kwa mkutano ujao, kila mama mwenye mwanafunzi wa ateliye alete diski moja anayotumia mtoto wake. Tutasoma namba pamoja, na wasiojua kusoma watakaa karibu na wanaojua. Vikundi vya AVEC vinaweza pia kuzungumza juu ya kuwanunulia wanafunzi wetu miwani ya kazi kwa pamoja, kabla ya kufikiria mkopo wa mashine.