Si Lazima Kuanza na wa Kwanza

Wapo wanaonicheka kwa kuwa niliingia katika michezo ya video ya Kijapani iitwayo Final Fantasy kwa kuanza na wa saba, wa mwaka 1997. Eti nimedandia gari njiani; ilinipasa nianze na ule wa 1987. Nawapinga.

Kwanza, karibu kila mchezo wenye namba una ulimwengu wake na watu wake. Wa saba haukunidai habari za wa sita.

Pili, mwaka 1991 Wamarekani waliuziwa mchezo wa nne ukiitwa wa pili, na mwaka 1994 wa sita ukiitwa wa tatu. Wa pili, wa tatu na wa tano halisi ilikuwa bado haijauzwa kwao. Walirukishwa bila kujua, na waliipenda michezo hiyo. Je, mapenzi yao yalikuwa ya uongo?

Mdogo wangu aliwatii wakubwa hawa. Akaanza na wa kwanza, akachoshwa na mapigano yasiyokwisha, akaacha yote. Nami nikakosa mtu wa kuzungumza naye. Hiyo ndiyo faida ya sharti lao: kufukuza watu mlangoni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuuliza amepitia njia ipi.