Uchafu wa Mji Waenda Wapi?

Ndugu zetu wanachama wa Kilwa na Lindi, mwezi huu twaliweka kando jambo la mishahara na malipo ya safari, tupate kunena juu ya majitaka. Huenda wengine wakaona haya kulisoma. Lakini yatupasa kulitaja, maana sisi ndio tukaao katika maofisi ambamo mipango ya miji huandikwa.

Kipindupindu si mgeni pwani hii. Mwaka 1859 Mwingereza Richard Burton alipofika Kilwa Kivinje aliukuta mji umeshikwa na maradhi hayo, watu wakifa kwa wingi. Miaka 5 kabla yake daktari John Snow alikwisha kuonyesha huko London ya kuwa ugonjwa huo huja kwa maji ya kunywa, ila wachache walimsadiki. Sisi wa leo hatuna udhuru huo.

Watu wengi wa miji yetu hutumia vyoo vya shimo na makaro. Ardhi ya pwani ni mchanga na mawe ya matumbawe, haichuji vema. Yaliyomo shimoni huteremka upesi hata visimani. Karo likijaa huitwa gari la kunyonya. Mwenye nyumba hulipa, gari huondoka, naye huona kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yaanza! Gari lile litamwaga wapi? Likimwaga mikokoni, maji ya kujaa na kupwa hueneza uchafu mpaka kwa akina mama walimao mwani na waokotao chaza. Na chaza hupata chakula chake kwa kuchuja maji, hivyo hukusanya vijidudu vya ugonjwa mwilini mwake. Mlaji akimla mbichi au hakuiva, huvipokea vyote.

Dawa yake si ya ajabu, wala haitaki mitambo mikubwa. Ni mabwawa yaliyofuatana. La kwanza huwa na kina kirefu, uchafu mzito hutuama na kuoza humo. La pili huwa na kina kifupi, na mimea midogo ya kijani huyatia maji hewa safi. La mwisho huachwa wazi kwa jua, nalo huua vijidudu. Ila uchafu wa makaro ni mzito mno kupita maji ya mabomba. Ukimwagwa mabwawani hivi hivi huiua ile mimea, na bwawa zima huharibika. Sharti utangulie kutuamishwa na kukaushwa juu ya vitanda vya mchanga.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kuchafua maji, nayo yalinda mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Lakini sheria haichimbi bwawa.

Basi twaomba kila tawi liulize Halmashauri yake: gari hunyonya wapi, humwaga wapi, na ni nani aandikaye? Wenzetu wapimao ardhi watenge mahali pa mabwawa sasa, kabla viwanja havijagawiwa, maana baadaye itakuwa ni habari ya fidia na kesi. Tena yaanze kukaguliwa makaro ya nyumba za Serikali tukaazo sisi wenyewe. Bwana Afya akipita, kila mtu hufagia ua wa mbele. Safari hii apelekwe nyuma. Majibu yamfikie Katibu kabla ya mvua kuanza, kwani wakati huo mashimo hufurika yenyewe.