GARI KUUKUU LIKIZIMIKA, MSHAHARA WA DEREVA USIGUSWE



Tumechoka kusikia dereva amekatwa mshahara kwa sababu gari la tajiri limezimika njiani. Na gari lenyewe ni kuukuu, halijaona fundi tangu mvua za mwaka juzi! Twasema injini ichunguzwe kwanza, ndipo mtu alaumiwe.

Injini ya dizeli ikikohoa na kupoteza nguvu kabla ya kufa, mara nyingi ni mafuta: filta imeziba, ama maji au hewa imeingia. Lakini ikizimika ghafula kama taa iliyopulizwa, na ukipiga staata inazunguka upesi na kwa wepesi kuliko desturi, shuku mkanda wa taimingi. Acha staata hapo hapo, maana pistoni huweza kugonga valvu na kuzipinda. Fundi na afungue kifuniko cha mkanda mbele yako, uone kwa macho.

Mkanda huo hubadilishwa kwa kilomita zilizowekwa na kiwanda. Toyota nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT inayowaka wakati ukifika. Dereva akiisha kutoa habari ya taa hiyo amefanya kazi yake. Kununua mkanda ni juu ya mwenye gari.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Mkanda uliochakaa ni makusudi ya nani? Taa ikiwaka, andika siku na kilomita, mpe msimamizi, na nakala uilete ofisi ya chama.